DAMU YA PILI

Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya walimu na Kamati Ndogo ya Afya, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Tumepewa dakika ishirini, na mwenye saa ameketi hapa mbele akitutazama. Wenzetu waliotangulia wamezungumza juu ya mashamba, posho na habari za nyumbani. Sisi tumeombwa tuzungumze juu ya damu. Siyo ile damu iliyotufanya tukimbie. Hiyo wazee wameisema asubuhi, na hatuwezi kuisema vizuri kuliko wao. Ni ile kidogo inayotolewa kwa sindano pale kituo cha afya, hususan ile ya mara ya pili, ambayo imeleta maneno mengi hapa kambini tangu mvua zilizopita.

Maneno yenyewe mnayajua. Inasemwa kwamba kama kweli ni ugonjwa, damu ya kwanza ingetosha. Anayerudi kuomba ya pili ana soko lake. Wazee waliotoka Katanga wametukumbusha habari za mutumbula. Waswahili wa pwani wana mumiani wao, na wenyeji wetu hapa Uganda nao walikuwa na bazimamoto tangu enzi za Mwingereza. Hatucheki. Mtu aliyenyang'anywa vingi ana haki ya kuuliza kilicho chake kinapelekwa wapi. Lakini mtu akiuliza ajibiwe, na sisi tuliona ni wajibu wetu kwenda kutafuta jibu, kulisoma, kuwauliza wataalamu, na kulileta kwa lugha yetu.

Tuanze na mwenzetu mmoja, mwalimu wa darasa la nne. Yupo hapa uwanjani, ametupa ruhusa, lakini jina lake tunaliacha. Baada ya Noeli alianza kupata homa. Mchana anafundisha, jioni mwili unamchoma, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Mgongo unauma, magoti yanauma. Alipimwa malaria kwa tone la kidole, hakuna. Akapewa dawa ya malaria hata hivyo. Alipimwa tena, hakuna, akapewa tena. Mara ya tatu akaenda kwenye kliniki moja ya kulipia, nje ya kambi, akaambiwa ni taifodi. Akachomwa sindano siku tano. Homa ikashuka wiki moja, ikarudi. Akaambiwa taifodi imerudi. Ili kulipa alimuuza mbuzi mmoja, kisha wa pili. Kazini tulishaanza kunong'ona, tuseme ukweli, kwamba ana ule ugonjwa mwingine. Mke wake alisikia.

Mwezi wa nne muuguzi mmoja, ambaye naye tunaacha jina lake kwa sababu hapendi sifa, alimwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Mwalimu, nyumbani unafuga nini?" Akajibu mbuzi. "Kuna aliyetupa mimba?" Akajibu ndiyo, mmoja, mwezi wa kumi na moja, na kondo ilikataa kutoka, akaivuta kwa mikono yake mwenyewe. Muuguzi akachukua damu. Dakika chache tu, jibu likapatikana. Haikuwa malaria, wala taifodi, wala ule ugonjwa mwingine. Ilikuwa brusela, ule ugonjwa ambao wafugaji huuita ugonjwa wa kutupa mimba.

Sasa tueleze kilichotokea katika zile dakika chache, maana ndiyo kiini cha mazungumzo haya.

Damu ikikaa katika kichupa inaganda, na juu yake hubaki maji ya rangi ya njano yanayoitwa seramu. Ndani ya maji hayo mna alama. Kila kijidudu kinapoingia mwilini, mwili hutengeneza kitu cha kukishika, nacho ni kingamwili, na kingamwili ya brusela haifanani na ya taifodi. Mpimaji huweka tone moja la seramu kwenye kadi, pembeni yake tone la dawa ya rangi ya waridi ambayo ndani yake mna vijidudu vya brusela vilivyokwisha uawa. Anachanganya, anatikisa kadi polepole dakika 4. Kama kingamwili zipo, zinavishika vile vijidudu na kuvikusanya, na tone linakatika vipande vipande kama maziwa yanayoanza kuganda. Kama hazipo, tone linabaki laini. Kipimo hiki huitwa Rose Bengal, kwa jina la rangi yake. Ni cha zamani, ni cha bei nafuu, na jibu lake mtu analiona kwa macho yake mwenyewe. Ila kinataka jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8, na wageni wetu wanajua vizuri kuliko sisi jokofu la kituo chetu hupata umeme wa jua siku ngapi kwa wiki.

Wazo hili la kuona vijidudu vikishikana si geni. Kisiwa cha Malta, kule bahari ya Mediterania, askari wa Kiingereza walikuwa wakiugua homa ndefu isiyojulikana. Mwaka 1887 daktari wao David Bruce alitangaza kwamba amekiona kijidudu katika wengu za askari waliokufa, na ndiyo maana hata leo kijidudu kina jina linalotokana na lake. Lakini kilikuwa kinatoka wapi? Walishuku maji, walishuku hewa, walishuku mbu. Miaka kumi baadaye, 1897, Almroth Wright akaonyesha kwamba seramu ya mgonjwa hukusanya vijidudu hivyo, na kwa hiyo mgonjwa aweza kutambuliwa kwa damu yake akiwa hai. Ndipo mwaka 1905 daktari mzaliwa wa Malta, Themistocles Zammit, alipofanya jambo ambalo wakubwa hawakulitarajia. Alipima damu ya mbuzi.

Mbuzi wa Malta walikuwa fahari ya mji. Mchungaji aliwapitisha nyumba kwa nyumba, akakamua mlangoni, mnunuzi akiona kwa macho yake kwamba maziwa hayakutiwa maji. Walikuwa wanene, manyoya yanang'aa. Na damu ya kiasi cha nusu yao ilikuwa na alama. Mwaka uliofuata jeshi liliacha maziwa ya mbuzi, na wagonjwa wakapungua kutoka mamia hadi wa kuhesabika. Tunalieleza hili kwa kirefu kwa sababu akina baba wengi hapa hutuambia, "Mbuzi wangu ni mzima, mtazame." Kwa ugonjwa huu macho hayatoshi. Mbuzi aweza kutupa mimba mara moja, kisha akazaa vizuri, akanenepa, na bado akawa anautoa ugonjwa katika maziwa.

Tena haya si ya Malta peke yake. Hapa jirani, mjini Moshi, Tanzania, kati ya mwaka 2007 na 2008 wataalamu waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa hospitali kwa sababu ya homa, watoto na watu wazima. Waganga walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Vipimo vilipofanywa kwa makini, wenye malaria kweli walikuwa 14. Sikilizeni vizuri: kumi na wanne. Na wale waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, wagonjwa 118, zaidi kidogo ya robo, walikutwa nayo: wengine brusela, wengine homa ya Q itokayo kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, wengine homa za kupe, na 40 walikuwa na leptospirosisi, itokayo katika mkojo wa panya na mifugo. Hata mmoja kati yao hakuandikiwa ugonjwa huo siku ya kulazwa. Hakuna aliyewaza. (Huo wa panya Watanzania wameupa jina, homa ya mgunda, tangu ulipozuka Ruangwa, mkoa wa Lindi, mwaka 2022, ukashika watu 20 na kuua 3. Wanaolala karibu na ghala la chakula tutaonana baadaye.)

Hatusemi haya ili kuwadharau waganga. Malaria ipo na inaua, na hasa mtoto mwenye homa apimwe malaria siku ile ile. Ila kile kipimo cha kidole nacho tukielewe. Hakitafuti kingamwili, aina inayotumika zaidi hutafuta protini inayotolewa na kijidudu cha malaria chenyewe, na protini hiyo yaweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona. Kwa hiyo mstari wa pili ukionekana kwa mtu aliyemaliza dawa juzi, huenda ni malaria ya zamani, na homa ya leo ina mwenyewe mwingine. Na kile cha taifodi cha kliniki za kulipia, kinachoitwa Widal, ni cha mwaka 1896 na hukosea mara nyingi, kwa sababu homa nyingine nazo huweza kukifanya kionyeshe taifodi. Mwalimu wetu aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya kosa hilo.

Sasa tunafika kwenye damu ya pili.

Wengi wetu tunakumbuka muhuri kwenye kadi ya posho. Ukiona muhuri, unajua mwenye kadi alipita kwenye mstari. Lakini alipita leo au mwezi uliopita? Ukigusa na wino ukakushika kidoleni, ni leo. Ukiwa umekauka, hujui. Kingamwili ni hivyo hivyo. Kuna aina iitwayo IgM, inayoonekana mapema, kwa kawaida katika wiki ya kwanza ya ugonjwa. Huo ni wino mbichi. Na kuna IgG, inayofuata kuanzia wiki ya pili, na yaweza kukaa miezi, hata miaka. Huo ni wino mkavu. Tena katika brusela wino mbichi nao wakati mwingine huchelewa kukauka. Kwa hiyo mfugaji aliyeugua zamani akapona aweza kukutwa na alama wakati homa yake ya leo ni kitu kingine. Kinyume chake nacho kipo: aliyeambukizwa hivi karibuni aweza kupimwa asionekane na kitu, kwa kuwa mwili haujamaliza kutengeneza kingamwili.

Ndiyo maana wanarudi. Damu ya kwanza inasema kiasi cha alama siku ile. Damu ya pili, baada ya wiki mbili, tatu au nne, inasema kama kiasi hicho kimepanda. Kikipanda mara nne au zaidi, basi ni ugonjwa wa sasa. Kikibaki pale pale, huenda ni habari ya zamani. Damu moja ni picha, na picha haikuonyeshi mtu anakwenda au anarudi. Kule Moshi pia wagonjwa waliombwa warudi baada ya wiki kadhaa. Bila hao waliorudi, sehemu kubwa ya hesabu tuliyowasomea isingepatikana.

Kuhusu kiasi, tulikwenda kupima wenyewe. Kichupa kile ni mililita 5, kijiko kimoja cha chai. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, ambayo ni robo ya jerikani yetu ya lita 20. Ni kijiko kimoja katika vijiko elfu moja. Mwenye kutaka kuiuza atapata hasara ya sindano.

Kuna alama nyingine ambazo vijana wa sekondari wametuuliza, na tutazipitia haraka. Ipo protini iitwayo CRP, inayotengenezwa na ini, ambayo hupanda ndani ya saa chache mwili unaposhambuliwa. Ilijulikana tangu 1930. Siku hizi hupimwa kwa tone la kidole, na humsaidia mganga kukisia kama mgonjwa anahitaji antibiotiki au la, kwa sababu bakteria kwa kawaida huipandisha zaidi kuliko virusi. Lakini haitaji jina la adui. Inasema kuna moto, haisemi nani kauwasha. Na brusela ni mjanja, mara nyingi moto wake ni mdogo. Kipo pia kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za kijidudu chenyewe. Hicho ni kizuri siku za mwanzo, kijidudu kikiwa bado kinaogelea damuni. Kabale, ambako si mbali na hapa, mwezi Machi 2016 mchinjaji mmoja na mwanafunzi mmoja walikutwa na Homa ya Bonde la Ufa, ambayo ilikuwa haijaonekana kwa watu nchini Uganda tangu 1968. Damu yao ilipelekwa Entebbe, kwenye taasisi ya virusi iliyoanzishwa 1936, na jibu likatoka. Mchinjaji yule angekaa nyumbani na panadol, nani angejua?

Turudi kwa mwalimu wetu, maana hadithi yake ilikuwa na mguu wa pili. Alipewa dawa mbili kwa pamoja, za wiki 6. Wengi huacha wiki ya pili wakiona nafuu, na ndipo ugonjwa unaporudi. Yeye alimaliza. Jasho la usiku limekwisha. Mgongo bado unamsumbua akisimama ubaoni muda mrefu. Lakini kabla hajamaliza dawa alikuja kwetu usiku, amefadhaika. Yule mbuzi wa pili aliyemuuza ili alipie "taifodi" ndiye aliyetupa mimba. Alikuwa amenunuliwa na mama mmoja mjane wa bloki nyingine, mwenye watoto wanne, kwa ajili ya maziwa.

Tulikwenda. Tulimkuta Mama akilalamika viungo. Tulimpeleka kupimwa: tone likabaki laini. Muuguzi akasema arudi baada ya wiki tatu. Wiki ya tatu ilipofika akakataa. Majirani walikwisha mwambia, na alitujibu neno ambalo hatujalisahau: "Ya kwanza mlichukua, hamkuniletea hata karatasi." Alikuwa na haki. Jibu la kwanza lilibaki katika daftari la ofisi moja, hakuna aliyemletea. Siku hiyo wawili kati yetu tuliketi kwenye benchi pamoja naye, tukakunja mikono ya shati, tukatolewa damu mbele yake, yeye wa tatu. Kadi zikatikiswa mezani, sote tunaangalia. Zetu zilibaki laini. Yake ilikatika.

Mama ametibiwa. Mwanawe mmoja ametibiwa pia. Mbuzi bado ni tatizo, na hapa tunaomba wageni wetu wavumilie kidogo.

Kila semina inatuambia mbuzi mwenye ugonjwa asiuzwe. Ni kweli, asiuzwe. Lakini mbuzi kwetu ni ada ya shule, ni nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, ni kitu pekee ambacho hakikutoka kwenye mstari wa posho. Ukimwambia mjane mbuzi wake achinjwe, usimpe badala yake, umemfundisha kitu kimoja: wakati mwingine afiche. Tuliuliza mara mbili kwa barua kama kuna fidia. Tulijibiwa kwamba barua imepokelewa. Kwa maoni yetu, damu za mbuzi wa kambi hii hazitapimwa kamwe kwa hiari mpaka swali hilo lipate jibu, na hakuna semina itakayolibadilisha.

Kwa hiyo Kamati inaomba mambo machache, na yameandikwa katika barua ambayo Mwenyekiti atawakabidhi leo. Kwamba kipimo cha Rose Bengal kiwepo kituoni kila wiki, na jokofu lake liwe na betri inayofanya kazi. Kwamba kila atolewaye damu apewe karatasi yenye jibu, hata kama jibu ni "hakuna", na aelezwe kwa lugha yake tarehe ya kurudi na sababu ya kurudi. Kwamba swali la "unafuga nini?" liandikwe kwenye fomu ya mgonjwa wa homa, lisingoje muuguzi mwenye akili ya ziada. Na daktari wa mifugo wa wilaya aje azungumze nasi habari ya fidia, ana kwa ana.

Na ninyi ndugu zetu. Mkifika kituoni na homa isiyoisha, semeni wenyewe bila kungoja kuulizwa: nina mbuzi, nilikamua, nilimzalisha ng'ombe, nilikunywa maziwa mabichi, mbuzi wa jirani alitupa mimba. Mwanamke mwenye mimba aiseme mimba yake pia, kwa maana dawa zake ni tofauti. Tunajua ndugu zetu wa milimani, waliokulia kwenye maziwa ya ng'ombe, huona kuchemsha ni kuyaua. Tumebishana nao sana na hatujawashinda. Tunawaomba tu wayachemshe ya watoto. Mbuzi akitupa mimba, mimba na kondo visishikwe kwa mikono mitupu, vifukiwe kwa kina, mbwa wasifike. Asiye na glavu avae mifuko ya plastiki mikononi.

Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi, kituo kitapokea wale 11 walioombwa damu ya pili ambao hawakurudi. Orodha hatutaisoma hapa; wenyewe mnajijua. Walimu wawili watakuwa kwenye benchi tangu mwanzo hadi mwisho, na Mama wa mbuzi amesema atakuja naye aketi nasi, akiwa na karatasi yake mkononi.

Mwenye saa amesimama.